Kuunganisha mistari iliyopinda bila kuacha kovu: mwongozo kwa watumiaji wa Rhino

Ukichora mistari miwili kwenye Rhino, programu ya kompyuta ya kubuni maumbo ya 3D, ukaichagua na kuandika Join, programu itakujibu kwamba imeungana. Ni kweli, lakini amri hiyo inahakikisha jambo moja tu: ncha ya mstari wa kwanza na ncha ya mstari wa pili ziko mahali pamoja. Haijali kama pana kona kali hapo, wala hailainishi chochote. Ulaini wa kiungio hujengwa kabla ya Join, na hujengwa kwenye nukta chache zilizo jirani na ncha. Anayezielewa nukta hizo anaweza kuunganisha karibu umbo lolote. Asiyezielewa atazunguka na amri kumi na kovu litabaki palepale.

Mfano nitakaoutumia ni bega la chupa. Chupa ya plastiki ya shampuu ina shingo nyembamba juu, kiwiliwili kipana chini, na bega linaloviunganisha. Bega ndilo linalobeba uzuri wa chupa, na ndilo linaloharibika upesi. Plastiki inayong'aa haina siri: taa ya dukani ikiipiga, kila mahali ulipounganisha vibaya patajionyesha kama mstari mwembamba wa mwanga uliovunjika. Mteja hatajua kuutaja, ila ataona chupa ile ni ya hali ya chini.

Kwanza, ujue unatafuta ulaini wa kiwango gani

Wabunifu hupima muungano kwa herufi G na namba. G0 maana yake ncha zinagusana, basi. G1 maana yake zinagusana na zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo hakuna kona. G2 inaongeza sharti la tatu: ukali wa kupinda uwe sawa pande zote mbili za kiungio.

Ukali wa kupinda ni namba ya kawaida kabisa. Ni 1 gawanya kwa nusu kipenyo. Tao lenye nusu kipenyo cha mm 20 lina ukali wa 0.05. Tao la mm 100 lina ukali wa 0.01. Mstari ulionyooka una ukali wa sifuri. Sasa fikiria mstari ulionyooka ulioungana na tao la mm 20 kwa amri ya Fillet, inayoviringa kona kwa tao. Mwelekeo unalingana, kwa hiyo ni G1, lakini ukali unaruka kutoka sifuri hadi 0.05 papo hapo. Ni kama dereva aliyekuwa akienda moja kwa moja kisha akazungusha usukani wote mara moja bila hata sekunde ya kupita katikati. Hakuna gari linaloweza kufanya hivyo, na ndiyo sababu wahandisi wa reli na barabara kuu huweka kipande cha mpito kati ya sehemu iliyonyooka na tao, kipande ambacho ukali wake huongezeka kidogo kidogo. Jicho nalo huona mruko huo kwenye uso unaong'aa, hata pale kidole kisipouhisi.

Je, kila kitu kinahitaji G2? Hapana. Bamba la chuma la kukatwa kwa leza, mabano ya rafu, kona za ndani ya sanduku la umeme: G1 inatosha na Fillet ni rafiki yako. Hata ukitaka kona yenye nusu kipenyo kamili kinachopimika kwa kipimo cha fundi, Fillet ndiyo sahihi. G2 ni ya vitu vinavyoshikwa mkononi na vinavyotazamwa kwenye mwanga.

Hatua ya 1: Andaa faili

Fungua faili mpya kwa kiolezo cha vitu vidogo katika milimita. Andika Units uhakikishe mwanya unaoruhusiwa (tolerance) ni 0.001. Kisha fanya kazi kwenye dirisha la Front peke yake. Ncha mbili zinaweza kuonekana zimegusana ukizitazama kwa mbele, kumbe moja iko mbele ya nyingine kwa milimita kadhaa. Ukiwa na shaka, chagua mistari yote na uandike ProjectToCPlane ili ilale kwenye bapa moja.

Hatua ya 2: Chora sehemu mbili, uache pengo

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Wanachora shingo, wanachora kiwiliwili, wanavilazimisha vigusane, halafu wanaanza kuhangaika na kona. Fanya kinyume. Chora zile sehemu ambazo una uhakika nazo, acha nafasi kati yake, kisha jenga mpito kwenye nafasi hiyo.

Kwa chupa yetu, shingo ina nusu kipenyo cha mm 14 na kiwiliwili mm 35. Andika Line, kisha 14,200 na 14,150. Hiyo ndiyo shingo. Andika Line tena, kisha 35,100 na 35,0. Hicho ndicho kiwiliwili. Kati ya ncha hizo mbili kuna pengo la mm 50 kwa kimo na mm 21 kwa upana.

Kama umepokea mchoro wa mtu mwingine ambao sehemu zake tayari zimegusana, usiufute. Ukiwa umeunganishwa, uvunje kwanza kwa Explode. Chora duara ambalo kitovu chake ni kwenye kiungio, tuseme la nusu kipenyo cha mm 15, kisha utumie Trim kukata kila kilicho ndani ya duara. Utapata pengo lenye urefu sawa pande zote mbili, na mpito utakaojengwa hapo utakuwa na uwiano.

Hatua ya 3: Punguza nukta

Chagua mstari na ubonyeze F10. Zitatokea nukta za kuongoza, zile zinazouvuta mstari. F11 huzificha tena. Ukiona mstari mfupi una nukta 40, hasa ule uliofuatishwa juu ya picha au uliotoka kwenye mashine ya kuskani, usiendelee. Mstari wenye nukta nyingi una mawimbi madogo ambayo hayaonekani kwa macho lakini yataonekana kwenye mwanga. Tumia Rebuild, weka daraja (Degree, namba inayoamua mstari unaweza kupinda kwa ulaini kiasi gani) la 3 au la 5, na ushushe idadi ya nukta hadi umbo lianze kupotea. Hapo rudi juu kidogo. Dirisha la amri hiyo hukuonyesha umbo limehama kwa kiasi gani kutoka la awali. Kwa chupa, mhamo wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye mstari laini ni bora kuliko usahihi kamili kwenye mstari wenye mawimbi. Hilo nalisema bila kusita.

Mistari yetu miwili ya chupa imenyooka na ina nukta mbili mbili, kwa hiyo twende.

Hatua ya 4: Jenga mpito kwa BlendCrv

Andika BlendCrv. Bofya shingo karibu na ncha yake ya chini, kisha kiwiliwili karibu na ncha yake ya juu. Mahali unapobofya ndipo panapoamua ni ncha ipi itumike, kwa hiyo usibofye katikati. Litafunguka dirisha lenye safu mbili, moja kwa kila ncha, na machaguo ya Position (G0), Tangency (G1), Curvature (G2), na viwango vya juu zaidi vya G3 na G4. Chagua Curvature pande zote mbili. Weka alama kwenye chaguo la kuonyesha grafu ya ukali. Kwenye skrini utaona vishikio unavyoweza kuvivuta. Ukishikilia Shift unapovuta, vishikio vya pande zote mbili vitasogea kwa pamoja.

Ni vizuri kujua kinachotokea ndani. Ili mstari ukubaliane na jirani yake kwa G0, nukta moja ya mwisho inatumika. Kwa G1, nukta mbili: ya mwisho na ya pili yake ndizo zinazoamua mwelekeo. Kwa G2, nukta tatu. Mpito wenye G2 kila upande unahitaji nukta tatu huku na tatu kule, jumla sita, na ndiyo sababu BlendCrv hukupa mstari wa daraja la 5 wenye nukta sita. Mstari wa nukta nne hauwezi kazi hiyo. Una nukta mbili tu kwa kila upande, na hizo zinaishia kwenye G1.

Unaweza kujenga mpito huohuo kwa mkono, na nakushauri ufanye hivyo angalau mara moja. Andika Curve, badilisha Degree iwe 5, kisha ingiza nukta hizi kwa mfuatano: 14,150, 14,140, 14,130, 35,120, 35,110, 35,100. Bonyeza Enter. Angalia nukta tatu za kwanza: zote ziko kwenye mstari mmoja na shingo. Tatu za mwisho zote ziko kwenye mstari mmoja na kiwiliwili. Ukali wa kupinda kwenye ncha zote mbili ni sifuri, sawasawa na mistari iliyonyooka inayopokelewa pale. Umepata G2 bila amri yoyote ya kuunganisha.

Hatua ya 5: Pima, usiamini macho

Andika GCon, kisha ubofye mistari miwili karibu na kiungio. Rhino itakuandikia umbali kati ya ncha, tofauti ya nusu kipenyo cha kupinda, tofauti ya mwelekeo kwa digrii, na mwisho itatoa hukumu: G0, G1 au G2. Soma namba, usisome hukumu peke yake. Programu ina mwanya wake wa kuvumilia, na mwelekeo uliopotoka kwa sehemu ya digrii unaweza kupita mtihani huku ukiacha alama kwenye plastiki nyeusi inayong'aa.

Kisha chagua mistari yote mitatu na uandike CurvatureGraph. Itatokea miiba iliyosimama juu ya mstari, mirefu pale unapopinda kwa ukali na mifupi pale unaponyooka. Hii ndiyo zana muhimu kuliko zote, na inastahili muda wako. Kama kwenye kiungio miiba inaruka ghafla kutoka urefu mmoja hadi mwingine, una G1. Kama miiba inakutana ikiwa na urefu sawa, una G2. Kama vilele vya miiba navyo vinapita bila kuvunjika, una G3. Tumia kitelezi kukuza miiba hadi kasoro ndogo zionekane.

Angalia pia miiba inapovuka kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine. Hapo ndipo mpindo unapogeuka. Bega letu lina umbo la herufi S iliyonyooshwa, kwa hiyo miiba inapaswa kuvuka mara moja tu, katikati. Ikivuka mara tatu, kuna wimbi ambalo hukulikusudia, hata kama kwenye skrini mstari unaonekana safi.

Hatua ya 6: Lipa gharama ya ulaini

Bega hilohilo lingeweza kuchorwa kwa matao mawili yanayogusana katikati. Ukipiga hesabu, kila tao lingekuwa na nusu kipenyo cha karibu mm 35. Mpito wetu wa nukta sita, ule wa mkono, una sehemu zenye nusu kipenyo cha karibu mm 23. Umekuwa mkali zaidi, na hakuna ajabu: umeanza na sifuri, lazima upande hadi kileleni na kushuka tena hadi sifuri, yote ndani ya mm 50 zilezile. Tao halipandi wala halishuki, linaruka tu.

Ndiyo maana mtu akibadilisha Fillet kwa mpito wa G2 kwenye pengo lilelile huona umbo lake limekuwa na "goti" na hulaumu G2. Dawa ni kuongeza pengo. Kata mm 10 zaidi kutoka kwenye shingo na mm 10 kutoka kwenye kiwiliwili, ili kimo cha pengo kiwe mm 70, kisha ugawanye nukta zako sita kwa nafasi sawa kwa kimo. Sehemu kali kuliko zote itakuwa na nusu kipenyo cha zaidi ya mm 40, laini kuliko hata yale matao.

Kama pengo haliwezi kuongezwa, tumia EndBulge. Amri hii hukuruhusu kunenepesha au kukondesha mpito huku ikilinda mwelekeo na ukali kwenye ncha. Usivute nukta tatu za mwisho kwa mkono hivihivi. Ukigusa moja, G2 imekwisha.

Hatua ya 7: Pale ambapo hakuna nafasi ya mpito

Wakati mwingine mistari miwili lazima ikutane moja kwa moja, na mmoja wake uko tayari kubadilika. Hapo tumia Match. Bofya kwanza mstari utakaobadilishwa, halafu ule utakaofuatwa, na uchague Curvature. Mfuatano wa kubofya ni muhimu: tao likibofywa la kwanza litageuzwa kuwa mstari huru na nusu kipenyo chake kitapotea. Shingo ya chupa, ambayo lazima ikubaliane na kifuniko, isibofywe ya kwanza kamwe. Kuna pia chaguo la kulinda ncha ya upande wa pili. Liwashe, la sivyo unaweza kurekebisha kiungio kimoja na kuvunja kingine. Chaguo la kupata wastani hubadilisha mistari yote miwili, kwa hiyo litumie pale tu ambapo yote miwili ni yako ya kuchezea.

Kwa anayependa kujua hesabu yenyewe: chukua mstari ambao idadi ya nukta zake ni daraja lake kujumlisha moja, yaani nukta nne kwa daraja la 3 au sita kwa daraja la 5. Pima urefu kutoka nukta ya mwisho hadi ya pili yake, uuite a. Pima umbali wa nukta ya tatu kutoka kwenye mstari wa mwelekeo, uuite h. Kwa daraja la 3, h ni ukali unaoutaka mara a mara a mara 1.5. Kwa daraja la 5, badala ya 1.5 weka 1.25. Mfano: unataka kupokea tao la mm 20, ukali 0.05, na a ni mm 6. Kwa daraja la 3, h ni mm 2.7. Kwa daraja la 5 ni mm 2.25. Isogeze nukta ya tatu hadi umbali huo, upande ule ambao tao linapindia, kisha uthibitishe kwa GCon.

Hatua ya 8: Zungusha umbo na utazame milia

Andika Revolve na utumie mhimili wima unaopita kwenye 0,0. Mistari mitatu itakuwa uso wa chupa. Sasa andika Zebra. Uso utavaa milia myeupe na myeusi kama ya pundamilia. Kwenye G0 milia hukatika na kuhama. Kwenye G1 hukutana, lakini kila mlia hupinda ghafla kwenye kiungio. Kwenye G2 hupita kana kwamba hakuna kiungio. Ongeza ubora wa matundu ya kuonyesha (mesh, wavu wa vipande vidogo unaouchora uso kwenye skrini) kabla ya kuhukumu, maana matundu makubwa hufanya hata uso mzuri uonekane umevunjika.

Chini ya chupa kuna kiungio ambacho watu hukisahau. Kitako kinapofika kwenye mhimili, mstari unakutana na taswira yake mwenyewe. Nukta ya mwisho iwe juu ya mhimili, na ya pili yake iwe kwenye kimo kilekile kabisa. Bila hivyo utapata ncha kama ya msumari au shimo dogo katikati ya kitako. Kanuni hiyohiyo ni ya chombo chochote chenye nusu mbili zinazofanana, kuanzia mtumbwi hadi kipanya cha kompyuta: ukipangilia nukta mbili hizo zikae wima kwa bapa la kioo, yaani bapa linalotenganisha nusu hizo, umepata G1, na kwa kuwa nusu ya pili ni taswira ya kwanza, G2 inakuja yenyewe. G3 haiji yenyewe. Miiba ya CurvatureGraph inaweza kuonyesha kilele chenye ncha hapo katikati.

Kama hutumii Rhino

Nukta tatu ni nukta tatu kila mahali. AutoCAD ina amri ya BLEND yenye machaguo mawili: Tangent hukupa G1, Smooth hukupa G2. SolidWorks na Fusion zina sharti la kulinganisha ukali kwenye mchoro wa bapa. Inkscape ina vifundo laini, lakini hivyo hupanga vishikio kwenye mstari mmoja tu, yaani G1. Kwa nembo ya duka inatosha, kwa uso wa chupa haitoshi.

Hatua ya 9: Unganisha, kisha toa faili

Sasa ndiyo zamu ya Join. Chagua mistari mitatu ya mchoro na uunganishe. Rhino ikikuuliza kama izibe pengo kati ya ncha, jibu hapana, urudi kwenye GCon utafute kosa lilipo. Ikiziba yenyewe itazisogeza ncha na kazi yako ya G2 itaharibika.

Kwa mtengeneza kalibu, toa faili kwa STEP, kwa sababu muundo huo unabeba mistari na nyuso zikiwa na nukta zake. STL hugeuza kila kitu kuwa pembetatu; kwa printa ya 3D ni sawa, ila ongeza ubora wa matundu. Kwa DXF, muundo wa faili za michoro unaosomwa na mashine za kukata, uliza mashine inasoma toleo gani. Toleo la R12 halina kabisa aina hii ya mistari, kwa hiyo mpito wako utageuzwa kuwa vipande vifupi vilivyonyooka au matao. Fundi akisema ni R12 pekee inayokubalika kwenye mashine yake, agiza vipande viwe vifupi vya kutosha, kisha rudisha faili hiyo kwenye Rhino na uilaze juu ya mchoro wa awali kabla hajaanza kukata.